Miti Aliyopandiwa Mama Mkwe

Pua ya mama mkwe ilibaki kwenye kitambaa.

Fundi akaitazama ile pua, akaitazama na picha ukutani. Masikini, alikuwa anapangusa vumbi tu, mgeni asije akakuta utando wa buibui. Kumbe kitambaa alichookota ni kile cha tina, cha kusafishia brashi za rangi. Sasa mama mkwe ana macho mawili, na chini yake uji.

"Umemfanya nini mama yangu?" mkewe akauliza mlangoni.

"Nimempangusa."

"Basi mrudishe alivyokuwa. Mwisho wa mwezi yuko hapa."

Kusema ni rahisi. Fundi kazi yake ni kupaka rangi nyumba. Kuta, milango, madirisha, hapo humwambii kitu. Sura ya mtu alichora hiyo moja tu maishani, kwa heshima ya mkwe, na jasho lilimtoka. Kile kivuli cha chini ya pua peke yake alikipiga mikono mitatu: apake, ikauke, arudie, ikauke, arudie tena. Kwake yeye rangi ya mkono mmoja si rangi.

Na mkwe aliithamini, jamani. Siku ile ya kwanza Fundi alimwonyesha kwa kidole tu, haya zikamziba mdomo. Mama akaitazama weee, mwisho akasema, "Anaonekana mtu wa heshima." Tangu hapo kila akija hakai mbele ya ile picha bila kujitanda khanga vizuri. Fundi alilisimulia hilo kazini mpaka wenzake wakawa wanamkimbia.

"Sura siiwezi tena," akamwambia mkewe. "Nitampandia miti."

"Utampandia nani miti?"

"Mama. Nimfunike. Akiuliza, tunasema ile yake imekwenda kutiwa fremu."

Mke akashika kiuno. "Yaani mama yangu unamzika msituni, halafu unamdanganya."

Lakini Fundi alikwishaanza. Kwanza miti ya mbali, kijani aliyoitia nyeupe nyingi na buluu kidogo, hafifu kama moshi wa jikoni kwa jirani. Akaiacha ikauke. Asubuhi akakuta jicho la kushoto linamchungulia.

"Anakuona," mkewe akasema, akapita na ndoo yake.

Akaweka miti ya kati, kijani kibichi, na vigogo vyake. Jicho la kulia likakataa kufa. Ikakauka. Ndipo akaleta miti ya mbele, minene, majani meusi meusi, na kwa ncha ya brashi akagusia mwanga kidogo juu ya matawi. Mkono wa tatu huo. Na ajabu yake, ule msitu ukaingia ndani. Mtu ungetamani uvue viatu, ukatembee humo.

Fundi hakuona raha hata chembe. Mkwe aliyemheshimu kuliko watu wote, leo atamtazama usoni amdanganye?

Siku ikafika. Mama mkwe akaingia, akasalimia, akajitanda khanga yake vizuri, akakaa. Kisha akainua macho. Fundi akatua sinia la chai.

"Ile picha iko wapi, baba?"

"Fremu, mama. Imekwenda kutiwa fremu." Akamimina chai. "Itarudi tu, usiwe na wasiwasi."

"Itarudi?"

"Itarudi, mama."

Mama mkwe akashusha pumzi, akaiteremsha khanga mabegani, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

"Si ungeiacha hukohuko," akasema. "Miaka yote hii naona haya kuuliza, baba. Yule mzee mwenye masharubu alikuwa nani yako?"