Mtungi Namba Saba

"Hakuna kuandika programu! Unaburuta visanduku kwa kidole tu, na kwa mwezi ni bei ya soda mbili!" Mzee Shekiondo, mtunza stoo wa hospitali, alimwonyesha nesi Tunu mfumo wa kufuatilia mitungi ya oksijeni aliojitengenezea kwenye simu yake.

"Kamati bado inachagua mfumo," mkurugenzi alisema akiwa mlangoni pa stoo.

"Mwaka wa tatu mnachagua, bosi! Mke wangu alikufa wodini huku oksijeni imejaa stoo, wala hakuna aliyejua."

Simu ya stoo ikalia: wodi ya wazazi inaomba mtungi.

Mzee akabonyeza mfumo wake. "Namba saba, umejaa, uko nyuma ya mapazia! Imejibu, Tunu, imejibu!"

Tunu akausukuma mbio kwenye toroli, magurudumu yakipiga kelele koridoni. Mkurugenzi alibaki ameushikilia mlango, mtungi umeshapita.