Siku ya Soko, Siku ya Mtihani

Panga lilikata ncha ya sikio la Biira likazama mezani, kando ya kompyuta.

"Huyo mwanaume iko wapi?" mumewe alifoka.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la mpakani Mpondwe, siku ambayo mume huyo hupakia malori mpaka jioni. Jirani alikuwa amemfuata huko: mke wako amejifungia ndani, kuna sauti ya mwanaume.

Biira hakugeuka. Ukigeuza uso mbele ya kamera, mtihani wa digrii unafutwa. Damu ilimtiririka shingoni, ya moto, ikaingia ndani ya blauzi.

"Mama, nani huyo mu nyumba?" msimamizi wa mtihani, mwanaume, aliuliza kutoka kwenye kompyuta.

"Iko humu!" Mumewe alichomoa panga, akainamia skrini amkate mwenye sauti.

Akajiona mwenyewe, kwenye kidirisha kidogo, meno nje, panga juu.

"Nakuona, bwana," sauti ilisema. "Yote inarekodiwa."

Mkono ukaganda hewani.

Jibu la mwisho la Biira lilikuwa tayari. Akilituma tu, kamera itazimika, na hakuna atakayewaona tena.

Kwa mkono wa kushoto Biira alishika mpini wa panga mkononi mwa mumewe, akaubana lisishuke. Kwa wa kulia akatuma.