Chuma cha Kushikia

Shomari alikuwa ameshatoa godoro la mama yake nje, tayari kumhamishia kwake. Tangu Bi Mashavu aanguke bafuni, mwanawe hakutaka tena kusikia habari za mama kuishi peke yake.

"Subiri kwanza, kaka," alisema Saumu, mhudumu wa afya wa mtaa. Wiki ile alikuwa amemleta muuguzi, aliyembadilishia mama dawa ya presha iliyokuwa ikimtia kizunguzungu. Kisha Saumu akamtafuta fundi, aliyefunga chuma cha kushikia kwenye ukuta wa bafu. Jirani naye aliahidi kumpitia kila asubuhi.

"Na akianguka tena?"

"Mwache ajaribu mwenyewe."

Bi Mashavu aliingia bafuni na khanga yake. Alishika chuma, akainama kuchota maji. Mguu ukateleza. Shomari akaruka hadi mlangoni.

"Usiniguse!"

Mkono ule mkavu uling'ang'ania chuma, mishipa imeutoka. Polepole Bi Mashavu akanyooka, akavuta pumzi.

"Nipishe, mwanangu. Nataka kuoga."

Shomari alirudi nyuma, akaufunga mlango. Ndani maji yakaanza kumwagika, kata baada ya kata, na mkono wa Shomari ukabaki kwenye kitasa.