Beji ya Masatu

Hapa kwetu ziwani hakuna anayefuzu uokoaji mpaka avalishwe beji yenye sauti ya mwokoaji aliyekufa kazini. Ya mume wangu, Masatu, nilikaa nayo jikoni tangu msiba. Nikisonga ugali, ilinitania kwamba leo tena nimepika uji.

Leo Afisa Chacha alimleta Bhoke, binti aliyefaulu mitihani yote ya kuogelea na kuendesha boti. Ilibaki mimi nitamke kwamba namwachia sauti ile.

"Nikitamka, Masatu atanikumbuka?"

"Ya kazini atayakumbuka yote, shemeji. Ya nyumbani yanafutwa."

"Mliniletea koti lake limelowa, sasa mnataka na mdomo wake?"

"Bila beji binti haingii majini."

"Basi asiingie."

Bhoke akapiga goti. "Mama, mdogo wangu alizama huku boti ya uokoaji imefungwa gatini. Hapakuwa na mwenye beji."

Sikumwonea huruma. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Nikatamka, kisha nikaibana beji kifuani pake kwa nguvu mpaka pini ikamchoma. Hakulalamika. Hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Sauti ya Masatu ikasikika, taratibu, kama alivyozoea kusema akiwa na watu waliotolewa majini.

"Bhoke, huyo mama anayelia mpe blanketi. Muulize walikuwa wangapi chomboni."

Binti akaniangalia.

"Mwambie tulikuwa wawili," nikasema.