Mwizi wa Chakula cha Punda

Mokeira aliupindua mfuko wa Obura katikati ya soko la Suneka, mahindi yaliyovunjwa yakamwagika matopeni mbele ya watu.

"Tazameni!" alipaza sauti. "Chakula cha punda wangu! Mnyama anachechemea, kwato zimepasuka, kumbe huyu mzee anamlia chakula!"

Obura alibaki ameshika kamba ya punda. Kwa miaka miwili alikuwa ameuendesha mkokoteni wa Mokeira, akileta ndizi sokoni kutoka shambani.

"Mama, nilikuambia," alisema polepole. "Huyu si ng'ombe. Nilikuambia mara tatu..."

"Unifundishe punda wangu mwenyewe?"

Akampokonya kamba. Nyamoita, muuza kuku aliyeketi hapo karibu, alikiri kwamba Obura humletea mahindi hayo kila asubuhi awape kuku wake. "Lakini ni bure," aliongeza. "Hajawahi kuniitisha kitu." Maneno yake yalimezwa na kelele. Kufikia saa sita, hapakuwa na mtu Suneka ambaye angemwachia Obura hata mbuzi.

Mokeira alirudi nyumbani akiwa bado na hasira. Tangu mumewe afariki, punda huyo, Waziri, ndiye aliyeibeba nyumba yake. Kwato zilipoanza kupasuka mwanzoni mwa mwaka, jirani alimshauri amlishe vizuri. Akamlisha. Mahindi, chakula cha ng'ombe wa maziwa, molasi juu yake. Ndoo asubuhi, ndoo jioni. Yeye mwenyewe akawa anakunywa chai bila sukari. Na Obura, aliyekabidhiwa ndoo hizo, akathubutu kusema eti nyasi kavu zinatosha! Alikuwa akishinda akikwangua tope kwenye kwato na kuzipiga tupa, ili aonekane ana huruma.

Sasa Mokeira angemlisha mwenyewe. Kila siku alisimama kando ya ndoo mpaka Waziri akalamba chembe ya mwisho.

Wiki ya kwanza, Waziri alikataa mkokoteni. Ya pili, akawa anasimama ameinyoosha miguu ya mbele, kama anayekanyaga makaa. Ya tatu, alilala asiinuke. Kila Mokeira alipomtazama, hasira ilimpanda upya. Miezi minane ya kunyimwa chakula! Mwili gani usingeshindwa? Akaongeza molasi.

Mwishowe alimpigia simu Ruth, daktari wa mifugo kule Kisii mjini.

"Sitaki dawa peke yake," alimwambia alipofika tu. "Nataka uniandikie barua. Naipeleka polisi. Huyo mzee lazima alale ndani."

Ruth aliweka mkoba wake chini. Alipiga magoti, akazishika kwato za mbele moja baada ya nyingine. Zilikuwa na joto jingi. Akapitisha kidole kwenye mikunjo iliyozizunguka.

"Nani alikuwa akizikata hizi?"

"Huyohuyo mwizi."

"Anaijua kazi."

Mokeira alisonya. "Daktari, hukuja hapa kumsifu. Andika. Andika kwamba kwa miezi minane alichota ndoo zote, akimwachia mnyama kiganja tu na manyasi. Andika kwamba wiki hizi tatu, tangu nimfukuze, Waziri anakula yote, na bado haponi, kwa vile huyo mtu alivyomharibu."

Ruth alitoa daftari. Aliandika tarehe, kisha kalamu ikasimama.

"Hiyo miezi minane, alikuwa akivuta mkokoteni?"

"Kila siku."

"Na alilala chini lini?"

"Jumanne iliyopita. Kwani mambo haya yote ya nini? Andika jina: Obura."

Ruth aliitazama ndoo iliyokuwa kando ya pua ya punda, tupu, imelambwa ikang'aa. Akalifunga daftari.

"Mama," alisema, "chakula hiki ndicho kinachomuunguza kwato. Huyo mzee asingekiiba, ungekuwa umemzika Waziri zamani."