Ukungu kwenye Kamera ya Dada

"Tulia basi, usipepese macho," dada mtu alisema, akabonyeza.

Kamera ikatoa mlio wake mfupi, kijimraba cha kijani cha kuonyesha imelenga sawasawa kikawaka, flashi ikapiga. Mdogo wake, aliyeketi kwenye kigoda mbele ya pazia jeupe, hakutikisika. Dada akaisogeza kamera karibu kabisa na uso, akakitazama kile kioo kidogo cha nyuma, akasonya.

"Ukungu. Tena ukungu mtupu. Hebu njoo uone."

Mdogo mtu akainuka, akachungulia begani kwa dada yake. Hakuharakisha.

"Kweli, dada. Ukungu," akasema kwa huruma.

Walikuwa wanahangaika hivyo tangu asubuhi, na kesho yake ndiyo mahafali ya chuo cha wauguzi. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwaka kwa studio yao. Kila mwaka aliyesimama mbele ya wahitimu alikuwa dada mkubwa, na kamera yake ileile ya dijitali, aliyoinunua zama zile kamera hizo ni mpya na watu wanakuja studio kuishangaa tu. Sasa rangi ilikuwa imebanduka pembeni, na kifuniko cha betri kilishikiliwa na utepe wa gundi. Lakini kwenda nayo kesho ikiwa katika hali hii, hapana. Muuguzi anahitimu mara moja. Ukimharibia picha, umemharibia.

Kusema haki, mdogo mtu alijituma. Alisugua vyuma vya betri kwa kifutio cha penseli. Alipuliza vumbi, akafuta lenzi kwa kitambaa laini, akaipumulia, akafuta tena. Alibadilisha kadi ya kuhifadhia picha. Alirudisha mipangilio yote kama ilivyotoka dukani. Aliifunga kamera kwenye stendi, akafungua dirisha mwanga uingie, akaiweka ijipige yenyewe ili kidole kisiitikise. Baada ya kila jambo walipiga picha nyingine, na baada ya kila picha dada aliuliza, "Vipi?" naye akajibu, "Bado." Mwingine angeshaitupa dirishani.

"Labda taa," dada akasema. "Hiyo taa ya juu ina duara la rangi rangi pembeni, huoni? Ndiyo inayotuchafulia picha."

Mdogo mtu akaitazama taa. Kisha akapanda kiti, akabadilisha balbu.

"Na hii mpya nayo inalo! Siku hizi hakuna kinachotengenezwa kikawa kitu." Dada akageuka, goti likagonga mguu wa stendi. "Na nani kaiweka stendi hapa njiani?"

"Ni mimi, dada. Pole."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Tangu studio ifunguliwe, mdogo mtu alishika taa, alinyoosha pazia, na muda uliobaki alikaa chumba cha nyuma kwenye kompyuta, akichapisha picha za mwenzake. Kamera hakuigusa ila kuifuta. Siku moja aliomba apige hata harusi moja, akaomba mbele ya wateja, na dada akaangua kicheko. "Wewe? Kwa mkono huo mzito, mdogo wangu, utakata watu vichwa!" Wateja wakacheka. Yeye naye akacheka, angefanyaje.

Leo hakukuwa na wa kucheka. Dada alijitupa kwenye kigoda, kamera mapajani.

"Kijani kinawaka, mlio unalia, halafu inaniletea moshi. Imeanza kuniongopea uzeeni." Alitaka iwe mzaha, lakini sauti ilikatika. Aliumia, wala hakuficha. Aliipenda kamera ile kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na maneno hayo alishayasema mbele ya mumewe.

Kisha akavua ufunguo wa studio shingoni, akaunyoosha mbele.

"Kesho nenda wewe. Kaazime kamera kwa jirani wa duka la vifaa. Na ufunguo kaa nao, mpaka nitakapopata mashine ya kueleweka."

"Ni kwa muda tu, dada," mdogo mtu akasema, akaupokea kwa mikono miwili.

Akachomoa kadi, akaenda nayo chumba cha nyuma, akaiingiza kwenye kompyuta. Picha ya mwisho ikafunguka, ikajaza kioo kizima. Akaikuza. Akaikuza tena. Nyuzi za kola yake zilionekana. Kope zake zilihesabika moja moja. Hata ndani ya mboni ya jicho alionekana dada yake, mdogo mno, ameinama nyuma ya kamera. Akazichagua picha zote za siku ile, akafuta.

"Mdogo wangu."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimeegemea ukuta.

"Nilisahau kukwambia. Yule daktari wa macho aliyekuja juzi kupiga picha ya pasipoti, aliniangalia sana, akasema nifike kwake wiki hii hii nikapimwe presha ya macho. Eti ikiwahiwa inazuilika, ikichelewa ndiyo basi tena. Unaonaje, niende?"

Mdogo mtu akainuka, akamshika dada yake mkono, akamwongoza taratibu mpaka kwenye kiti.

"Dada, macho yako yangekuwa na shida, kweli mimi nisingekwambia?"