Mtambo wa Kinyozi

Mama mkwe alianza kupima mahali pa kuweka cherehani yake kabla samaki hawajafa.

"Mama, mbona bado wanaogelea?" kinyozi alimuuliza.

"Nawaona, mwanangu. Na mimi bado napima."

Tangi la kioo lilikuwa limeshika kona nzuri kuliko zote sebuleni. Kinyozi alikuwa ameachiwa tangi hilo na mteja wake mmoja aliyehama, pamoja na samaki wa rangi ya chungwa na matumbawe hai yaliyochanua kila taa ilipowashwa. Alilipenda kama mtu apendavyo mtoto wa uzeeni. Lakini maji ya tangi hupungua kwa joto, na kila yalipopungua yeye aliongeza ya bomba. Sasa kioo kilikuwa kimeota ukoko wa kijani, na matumbawe yamejikunyata kama watu waliosusa.

Muuza samaki wa mapambo alikuja na kipimo chake cha madini, kidude kama kalamu, akakichovya kwenye ndoo ya maji ya bomba.

"Yanang'aa, lakini yamejaa madini na dawa. Ndiyo mbolea ya huo ukoko. Chumvi ya matumbawe hubaki tangini; ya kuongezea yawe maji matupu."

"Nikinunua ya chupa?"

"Hayo mengine huongezwa madini ili yawe matamu. Na utafilisika."

"Yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha saluni?"

"Yanaweza kuwa yamegusa shaba, na shaba ni sumu kwao. Nunua yaliyochujwa kwa mtambo. Hakuna njia ya mkato."

Mkewe, muuguzi, ndiye aliyeshika mfuko wa nyumba. "Kwa hiyo samaki wanywe maji mazuri kuliko sisi?" alisema. "Tafuta njia ya bei nafuu, baba. Ukishindwa, tangi tunaliuza."

"Msikilize mkeo," mama mkwe aliunga mkono. "Mimi sina neno. Nataka kona tu."

Kinyozi akajitengenezea mtambo wake uani: mkaa uliopondwa, mchanga uliooshwa, na pamba safi kutoka saluni. Jioni alimimina maji ya bomba juu, yakadondoka taratibu usiku kucha mpaka kwenye pipa lenye mfuniko. Jumamosi aliyachota na kuongeza kwenye tangi.

Mama mkwe alipita akachungulia. "Mwanangu, hapa tunachuja maji au tunapika pombe?"

Mwanzoni mambo yalizidi kuharibika. Tumbawe moja liligeuka jeupe kama chaki. Jioni hiyo kinyozi alikaa mbele ya kioo, sahani magotini, mpaka chakula kikapoa bila kuguswa. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaikunja futi yake ya kupimia.

Halafu, polepole, upepo ukageuka. Ukoko ulianza kubanduka wenyewe. Matumbawe yakafunguka, moja baada ya jingine, na samaki wakarudi kufukuzana. Hata maua ya uani, katikati ya kiangazi, yalinawiri ajabu. Kinyozi alisema ni baraka za mtambo.

Mama mkwe naye alikuwa ameanza mazoezi. Alisema daktari kamwagiza atembee, kwa hiyo kinyozi na mkewe walipokwenda kazini tu, naye alitoka. Jioni alimwita binti yake amkande mabega.

"Hivi mama, unatembea kwa miguu au kwa mikono?"

"Uzee hauna adabu, mwanangu. Unaingia popote."

Muuza samaki aliporudi, alichovya kipimo ndani ya pipa. Kikasoma sifuri. Akakifuta kwa shati, akachovya tena. Sifuri.

"Mkaa tu?"

"Mkaa," kinyozi alijibu, "na akili."

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini, akatamka kwamba tangi halitoki. Mama mkwe alishusha pumzi. "Kumbe binti yetu tumemwoza kwa mwanasayansi, na sisi tukadhani kinyozi!"

Kuanzia hapo hakuna aliyenyolewa saluni bila kupewa somo la maji. Waliobisha waliambiwa waje nyumbani Jumapili wajionee. Muuza samaki pia alialikwa. Alikuwa tayari kuwauzia wateja wake mitambo ya namna hiyo hiyo.

Jumapili ilipofika, mgongo wa mama mkwe ulikuwa umekaza. Hakuwa ametoka tangu Ijumaa. Alikuwa kitini pembeni ya tangi, kajifunga khanga kiunoni.

"Mwanangu, si ungewaambia wageni waje wiki ijayo?"

"Kwa nini, mama?"

"Basi tu. Jambo jema halitaki haraka."

"Ah, mama! Kubali tu umeshindwa."

Wageni walijaa sebule. Kinyozi alisimama katikati, mkaa kiganjani, akieleza jinsi wataalamu wanavyowatisha watu bure, ndipo hodi ikapigwa. Mlangoni alikuwapo mwanamke mtu mzima, aproni imelowa, mkokoteni nyuma yake.

"Samahanini. Hapa ndipo kwa bibi wa matumbawe? Tangu juzi hajaja dukani kwangu kuchukua maji yake ya mtambo, nikajua mgongo umemkataza. Nimemletea madumu mwenyewe, maana huwa ananiambia maji ya pipa yasipobadilishwa kimyakimya, mkwewe atawamaliza samaki wake."

Vichwa vyote vikageuka. Mama mkwe alikuwa amekazia macho ukutani, kama mtu anayesoma.

"Mwambieni amekosea nyumba," akasema.